Nilivyolipeleka Tope la Bahari Kuu Kilwa Masoko

Sifa njema zote anastahiki Mola aliyeumba kilicho juu na kilicho chini, na kilicho chini zaidi ya hapo, ambako jua halifiki wala jicho la mwanadamu halikupata kuona, na huko nako akaweka viumbe wenye riziki zao na kazi zao. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake, na kila aliyefuata nyayo zao kwa wema.

Ama baada ya hayo, ndugu zangu wa barazani, tangu nirudi mmeniuliza kilichonipata njiani, na kila mmoja amekwisha kusikia kipande chake. Mmoja kasikia nilikamatwa na polisi Mbwemkuru. Mwingine kasikia nimeuza barafu stendi. Polisi sikuwaona. Barafu nilizigawa, sikuziuza. Nimeona bora niandike yote tangu mwanzo, ili anayetaka kunicheka anicheke kwa haki.

Nyangamara

Binti yangu Zuhura mnamjua. Yeye kasomea elimu ya bahari, na kazi yake iko kwenye kituo kidogo cha utafiti pale Kilwa Masoko. Masika haya meli ya utafiti ilitia nanga Mtwara ikitoka mbali sana mashariki, mahali ambapo bahari ina kina cha kutisha, naye akaenda kupokea fungu lake la tope lililotolewa huko chini. Wakati wa kurudi akapitia kwetu Nyangamara amsalimu mama yake, tumbo likiwa kubwa, akisema atalala na kuondoka asubuhi. Mungu akapanga vingine. Uchungu ulimshika alfajiri, na jua lilipopanda tukawa na mjukuu wa kike, mweusi, mzuri, mwenye sauti ya muadhini.

Alhamdulillahi. Lakini mzazi kwetu hatoki nje mpaka arobaini itimie, na mke wangu Bi Somoe hana mzaha katika jambo hilo. Zuhura alipofungua mdomo kusema ana safari ya Masoko, mama yake alimtazama tu, akafunga dirisha. Mumewe Zuhura ni mwalimu huko Liwale, na barabara ya Liwale ilikuwa haipitiki kwa mvua. Tope lenyewe lilikaa dukani kwa jirani, ndani ya friji ya soda, na umeme ukawa unakatika kila siku.

Nikamkuta binti yangu analia, mtoto kifuani.

"Mama, una homa?" nikamuuliza. Mimi binti yangu humwita mama, maana kachukua jina la mama yangu.

"Sina homa, baba. Tope langu linaharibika."

Nikamwambia, mwanangu, tope huwaje likaharibika? Si limekwisha kuwa tope? Hapo akacheka, akafuta machozi, akanieleza. Ninayaandika kama nilivyoyaelewa; kosa lolote ni la kichwa changu.

Alisema, "Baba, wewe ukipanda mahindi palipokuwa na mbaazi, yanakuwaje?"

"Yanastawi bila kuombwa."

"Kwa sababu hewa hii tunayovuta, sehemu yake kubwa ni naitrojeni. Kwenye mizizi ya mbaazi kuna vijidudu wanaoikamata na kuiweka ardhini, ikawa mbolea. Baharini nako wako wa namna hiyo. Halafu kule chini kabisa, ndani ya tope, wako wengine wenye kazi ya kinyume: wanaifungua ile mbolea iliyozidi, wanairudisha hewani. Wakizidisha, bahari inaona njaa. Wakiacha, bahari inavimbiwa. Samaki wote wanaishi juu ya hesabu hiyo."

Nikasema subhanallah. Akaendelea kuwa juu ya tope hilo yamelala madonge meusi, mengine kama kiazi mbatata, yaliyojaa madini wanayoyataka watu wa betri na mitambo. Madonge hayo hukua polepole mno, kiasi ambacho Mola tu ndiye anajua kiazi kimoja kilianza lini. Sasa watu wanataka kwenda kuyazoa.

"Sijasema wazoe, sijasema wasizoe," alisema. "Ninataka kujua kitu kimoja. Tope likishakwanguliwa, vijidudu wale wanaendelea na kazi au wanaacha? Nina chupa mbili. Moja ni ya tope la mahali pasipoguswa. Nyingine ni ya mahali walipojaribu mashine yao. Mtambo wa kupimia tumeazima, unafungwa na kurudishwa kwa wenyewe wiki hii. Nikikosa sasa, itaamuliwa na watu wa mbali, na hakuna hata mmoja wa pwani hii atakayesema nimeona."

"Tulitume kwa basi," nikashauri.

"Baba, mzigo huu hautumwi kwa konda. Ukiganda, wanakufa. Ukipata joto, wanaharibika. Na chupa zisifunguliwe, wakipata hewa kazi yao inaharibika."

Nikamwangalia mjukuu. Nikamwambia Zuhura, "Basi hiyo ni amana, na amana hupelekwa kwa mkono." Bi Somoe akafunga uzi mweupe kwenye shingo ya chupa ya pasipoguswa, na uzi mwekundu kwenye ile ya palipokwanguliwa, maana maandishi ya karatasi yakilowa hufutika. Akaniazima deli lake la kuuzia barafu, la bluu, lenye mpini uliofungwa kamba. Tukasoma dua ya msafiri, nikatoka.

Kuelekea Lindi mjini

Barafu ya kwanza ilikuwa ya friza ya jirani yule yule, nimeifunga kwa mfuko na kuizungushia kanga ili isigusane na chupa. Gari likafika, konda kijana wa mjini akaliona deli.

"Mzee wangu, samaki hawakai na abiria. Wanaenda kwenye buti."

"Sio samaki, mwanangu. Ni tope."

Akanitazama. "Tope?"

Nikafungua nikamwonyesha. Akaita mwenzake. Wakaitazama chupa kama watu wanaotazama mtoto wa chui. Mwisho akasema, "Haya, tope freshi, likae juu. Ila likinuka, babu, mtashuka wote wawili."

Tangu hapo safari nzima ilikuwa ni kujibu. Deli la bluu watu wanalijua. Akiliona mtoto hamuoni tena aliyelibeba. Pale Mnazi Mmoja, gari liliposimama, mama mmoja alinipitishia mkono dirishani. "Nipe mbili za ukwaju." Nikasema sina. "Za ubuyu basi." Nikasema mama, nina tope tu. Akaguna, akasema mbele za watu, "Siku hizi hata wazee wa kanzu wanajibu hovyo." Gari zima likaangua kicheko, nami nikacheka, maana ningekuwa yeye ningesema hivyo hivyo.

Lindi nilifika mchana. Nikaswali, nikala wali wa nazi na pweza kwenye kibanda karibu na stendi. Mwenye kibanda akaniongezea mchuzi bila kuombwa aliposikia nina mjukuu mchanga, akanijazia barafu deli zima. Nikasema moyoni, safari hii ni nyepesi. Ndugu zangu, msiseme hivyo mkiwa njiani.

Lindi hadi Mbwemkuru

Tulipita Mchinga kwa raha, pepo za mvua zikipiga vioo. Kufika Mbwemkuru, magari yamesimama mstari mrefu. Mto ulikuwa umepanda juu ya barabara usiku na kuacha shimo, na trekta lilikuwa linamwaga mawe. Dereva akazima injini, akatoa mswaki mfukoni akaanza kusugua meno. Hapo ndipo nilipojua kuwa hatutaondoka upesi.

Watu walishuka. Ming'oko, ile mizizi ya porini, ikaletwa kutoka vijijini, imechemshwa, na chumvi na pilipili yake. Tukala, tukarushiana utani. Dereva wetu alikuwa Mmatumbi wa Kipatimu, na alipojua mimi ni Mmwera hakunipa nafasi ya kupumua.

"Jamani, njooni mwone!" akapaza sauti. "Barabara yote imegeuka tope, gari limenasa kwenye tope, viatu vyenu vimejaa tope. Na huyu Mmwera kabeba lake kutoka nyumbani! Kalilaza kwenye barafu!"

"Mtani," nikamjibu, "hili lina heshima. La kwenu Kipatimu lingejibeba lenyewe, lina wenyewe wakorofi."

Kicheko kikawa kikubwa. Lakini ndani yangu nilikuwa sicheki. Nilikuwa nimetia kidole kwenye deli, na barafu ilikuwa imebaki maji yenye vipande kama vya sukari. Jua lilitoka kati ya mawingu, kali la baada ya mvua. Nikalisogeza deli chini ya gari, nikalifunika koti langu. Nikakaa kando yake nikivuta uradi, na kila nikimaliza duru nilitia kidole, na kila nikitia kidole maji yalikuwa na uvuguvugu zaidi.

Akaja mama mmoja mnene wa makamo, chale za zamani usoni, rozari shingoni. Alikuwa anasafiri na deli jeupe kubwa kama sanduku la harusi. Akasimama akanitazama.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Mgonjwa wako nani? Kila saa unamshika uso."

Nikamweleza. Jina lake Mama Anjela, Mmakonde wa juu Newala, na kazi yake ni kununua kamba wa baharini Somanga. Husafiri na barafu kwenda na hurudi na kamba kwenye barafu ile ile. Barafu ndiyo mtaji wake. Ikiisha kabla ya Somanga, kamba hawanunuliki. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Hao vijidudu wanaonekana?"

"Hawaonekani."

"Na wanafanya kazi gizani, na hakuna anayewashukuru."

"Ndivyo asemavyo binti yangu."

"Kama mimi," akasema, akafungua deli lake. Akavunja bonge la barafu kwa kisigino cha kisu, kubwa kuliko nilivyotegemea.

"Mama, na kamba zako?"

"Maalim, kamba ni wa Mungu na tope ni la Mungu. Barafu yangu haina dini. Shika hii isije ikanigandisha vidole."

Nikamwombea dua pale pale kwa sauti. Naye akaitikia amina, akaongeza ya kwake kwa Bikira Maria, na mtani wangu wa Kipatimu akasema, "Sasa hilo tope limeombewa kote kote. Likifa, limejitakia." Jua lilipokuwa linaelekea magharibi, trekta likatoa njia, tukavuka.

Nangurukuru na Mitole

Tulifika Nangurukuru magharibi inakaribia, na gari la Masoko likawa limekwisha kuondoka. Mama Anjela akaendelea na basi kuelekea Somanga akinipungia kitambaa. Mimi nikampigia simu rafiki yangu Mshamu wa Mitole. Tulisoma chuo kimoja cha Kurani udogoni, tukalala mkeka mmoja, na yeye ndiye aliyenifundisha kuiba sukari ya mwalimu. Akaja kunichukua mwenyewe kwa pikipiki yake, ndevu nyeupe zikipeperuka, akiendesha kama amekatazwa breki.

Hapa ndipo penye kisa, kwa hiyo nisomeni polepole.

Mnajua desturi yetu. Mgeni akifika, mwenye nyumba wa kike humpokea mzigo mlangoni kwa mikono miwili, na alichobeba mgeni mkononi ndiyo zawadi ya nyumba. Huulizi, husemi. Ungesema "huu sio wenu," ungekuwa umetukana mlango. Bi Fatuma, mkewe Mshamu, akatoka mbio, "Karibu shemeji, karibu mzigo!" na deli likawa mikononi mwake kabla sijavua viatu. Wakati huo adhana inaadhiniwa, na Mshamu ananivuta mkono kuelekea kisimani. Nikamwambia Bi Fatuma kwa haraka, "Shemeji, ni udongo. Uweke kwenye friji, usigande." Yeye akaweka mkono kifuani, akasema, "Jamani, shemeji! Umejuaje?" Nikadhani anasifu jinsi nilivyojua kuwa wamenunua friji. Nikiwa natawadha nikasikia kigelegele kidogo jikoni, nikashukuru kuwa nimepokewa vizuri.

Tukala ugali wa muhogo na kisamvu cha nazi, na dagaa walioungwa vizuri hata Mshamu akanisahau. Tulizungumza habari za walimu wetu waliotangulia, Mungu awarehemu, mpaka usingizi ukanishinda kwenye mkeka.

Sinia jikoni

Baada ya swala ya alfajiri nilikwenda kuangalia amana yangu. Deli lilikuwa tupu, limeoshwa, limegeuzwa likauke. Nikafungua friji. Nikaona chupa yenye uzi mweupe, iko vizuri kabisa, baridi. Yenye uzi mwekundu sikuiona.

Nikatoka uani. Pembeni ya mafiga palikuwa na sinia, na kwenye sinia vidonge vya udongo mweusi vimepangwa kwa mistari, vizuri kama visheti, vinakaushwa kwa joto la makaa. Mke wa mtoto wao, Sharifa, alikuwa amekaa kwenye kibao, mimba yake kubwa mbele yake, kidole mdomoni.

"Shikamoo, baba," akasema kwa furaha. "Ahsante sana. Una chumvi kidogo, lakini mtamu kuliko wa sokoni!"

Nikakaa juu ya kinu.

Ndugu zangu, nani asiyejua kuwa mwenye mimba hutamani udongo? Sharifa alikuwa ameutafuta wiki nzima, mvua zimekata njia ya sokoni. Na mara mgeni wa heshima anafika kutoka Lindi na chupa mbili za udongo laini kwenye barafu. Bi Fatuma alitoka nje anang'aa.

"Nimekuachia chupa moja, shemeji. Mgeni hanyang'anywi mzigo wote."

Sikuweza kumwambia. Nilimwita Mshamu pembeni nikamwambia yeye. Mshamu akashika kichwa, akamwambia mkewe, na Bi Fatuma akapiga kelele moja, akakaa chini kwenye majivu. Sharifa akaanza kulia, akisema amekula bahari, mtoto wake atazaliwa na magamba.

Nikampigia Zuhura. Sauti ilinitoka kama ya mtu anayeomba radhi kaburini. Kwanza hakusema juu ya tope. Aliuliza, "Amekula kiasi gani?"

"Kama punje ya mbaazi," Sharifa akasema akilia.

"Mwambie hatadhurika kwa hicho, asiongeze tena." Nikasikia mjukuu wangu akinyonya. "Chupa ipi, baba?"

"Yenye uzi mwekundu."

"La palipokwanguliwa," akasema. Nilijua maana yake. Chupa moja bila mwenzake ni mizani ya sahani moja, haipimi kitu.

"Chupa yenyewe iko wapi? Imeoshwa?"

Bi Fatuma akainuka kama aliyechomwa. Akaingia jikoni akatoka na chupa. Haikuwa imeoshwa. Alikuwa ameiacha kwenye ndoo ya maji ya mtungini, kifuniko kimerudishwa, ailoweke ndipo aisugue asubuhi. Chini kabisa lilikuwa limenata tope, kina cha ukucha.

"Limebaki la ukucha," nikasema. "Linatosha?"

"Sijui, baba. Wallahi sijui. Lipeleke."

Barafu za Mitole

Sasa nataka mumsifu Bi Fatuma kama ninavyomsifu mimi. Mtu mwingine angekaa akajilaumu mpaka adhuhuri. Yeye alijifunga kanga kiunoni akatoka mbio, akagonga kila nyumba yenye friza Mitole yote. Barafu ya bonge hakuna anayeigandisha pale, hakupata hata moja. Lakini watoto wa shule wananunua barafu za vifuko, na kila mwanamke mwenye friza anazo. Akarudi na wenzake wamemfuata, kila mmoja na kifurushi: za ubuyu, za ukwaju, za maziwa, za rangi nyekundu isiyojulikana ni ya tunda gani. Wakazipanga kwenye deli, wakazungushia chupa kanga kavu, na bibi mmoja mkongwe aliyekuja na kifuko chake kimoja cha barafu ya embe akasema, "Wekeni na yangu. Nami nipate thawabu za hao wadudu."

Mshamu akawasha pikipiki. Kutoka Mitole hadi Masoko alikwenda polepole kwa mara ya kwanza maishani mwake, akikwepa kila dimbwi, mimi nyuma nimelikumbatia deli kama mzazi. Njia nzima alikuwa anasoma kwa sauti kila sura fupi anayoikumbuka, na aliposahau aya nilimmalizia.

Kilwa Masoko

Aliyetupokea kituoni ni Neema, binti wa Kichagga anayefanya kazi na Zuhura. Nyuma yake mtambo wenyewe, na kando yake masanduku ya kuufungia yamekwisha kufunguliwa vifuniko. Alifungua deli. Akatazama barafu za ubuyu, akanitazama mimi, akazitazama tena.

"Maalim, sampuli ziko wapi?"

"Chini ya maziwa, upande wa ukwaju."

Alipoona chupa yenye uzi mwekundu uso wake ulisawijika. Nilimsimulia yote bila kuficha, pamoja na Sharifa na sinia. Alitaka kukasirika, nikaona kabisa anataka, lakini kicheko kilimshinda, akageukia ukuta. Kisha akawa mtu mwingine. Akaelekeza taa, akatazama chini ya chupa.

"Juu limepata hewa, halifai," akasema. "Lakini hapa chini limeshikamana. Huenda hewa haikufika." Akachota kwa kijiko kidogo kama cha kutilia wanja. Akachota na kwenye chupa nyeupe, kiasi kile kile. Akavitia kwenye vichupa, akavifunga. "Sasa tungoje. Kama wako hai watatoa ile hewa ya naitrojeni, na mtambo utaiona."

Tulingoja mpaka siku ya pili. Mimi na Mshamu tulishinda msikitini, tukala mkate wa kumimina, tukasalimiana na kila mtu. Watu wa Masoko ni wakarimu, walipojua kisa walikuwa wanauliza kila swala, "Maalim, wameamka?" Imamu mwenyewe aliuliza akiwa bado kwenye mkeka wa swala. Barafu tuliwagawia watoto nje ya msikiti, na hapo ndipo palipozaliwa uvumi wa kuwa nimefanya biashara.

Baada ya adhuhuri Neema alikuja anakimbia, viatu mkononi, akasimama mbali na mlango kwa heshima.

"Wameamka, Maalim! Wote! Weupe wanafanya kazi kwa nguvu. Wekundu wanasuasua, lakini wanafanya."

Mshamu akaruka kama kijana, akapiga takbira. Mimi niliweka paji la uso chini pale pale barazani nikamshukuru aliyeacha uhai katika tope la ukucha mmoja.

Kisha nikampigia binti yangu. Neema alimweleza kwa maneno yao, akarudi kwenye Kiswahili kwa ajili yangu. "Kusuasua kwa wekundu ni kwa sababu ya kukwanguliwa, au ni kwa sababu ya jiko la Bi Fatuma, hilo siwezi kuapa."

"Wala mimi," Zuhura akasema. "Lakini ombi la safari nyingine huwa halisikilizwi ukienda mikono mitupu. Sasa nina kitu mkononi." Halafu akalia, mtoto naye akalia, na Bi Somoe akasikika nyuma akisema simu izimwe, mzazi halizwi.

Kurudi nyumbani

Njia ya kurudi haikuwa na kisa. Mbwemkuru palikuwa pameshatengenezwa. Katika deli nilibeba kifurushi ambacho Bi Fatuma alinipa tulipopita Mitole: vile vidonge vya kwenye sinia, vyote, vimefungwa kwenye kitambaa cheupe. "Ni amana," alisema. "Hata ikiharibika, ni ya mwenyewe."

Arobaini ilipotimia, Zuhura alitoka nje na mtoto jua la asubuhi. Tukakifungua kitambaa. Alisema kwa vipimo vyake havifai tena. Tukashauriana vipelekwe wapi, mwisho yeye mwenyewe akaenda nyuma ya nyumba, penye mbaazi zangu, akapiga magoti.

"Utaniulia mbaazi kwa chumvi hiyo!" mama yake akapiga kelele.

"Kidogo hivi hakiui, mama." Akavifukia kwenye shina moja, la mwisho mstarini. "Wale kule chini kazi yao ni kuirudisha hewani. Hawa wa mizizi ya mbaazi kazi yao ni kuishusha. Basi wasalimiane."

Mbaazi haikufa. Nimeiangalia leo asubuhi kabla ya kuandika haya, ina maua. Na jana Mshamu kapiga simu: Sharifa kajifungua salama, mtoto wa kiume, hana magamba. Mshamu anasema akiogeshwa hataki kutoka majini. Zuhura naye amerudi Masoko na mjukuu wangu mgongoni, na ombi lake la meli amekwisha kulipeleka.

Ewe uliyesoma mpaka hapa, Mola akujaalie amana usiyochoka kuibeba, na njiani akukutanishe na wenye barafu wakati wa jua. Akikupunguzia, akubakishie cha kutosha, na kilicho hai ndani yako asikiache kilale. Amina.